Mawese bila kufyeka msitu: mwongozo wa shamba na ukamuaji kwa mkulima wa Kigoma

Mchikichi unatoa mafuta mengi kwa ekari kuliko zao lingine lolote la mafuta tunalolijua. Ekari ya alizeti haiufikii hata kidogo. Ndiyo maana mwaka 2018, Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipoanza kulisukuma zao hili mkoani Kigoma, wengi tulilipokea kwa furaha: michikichi ilikuwepo tangu enzi za mababu, kuanzia bonde la Mto Luiche, Simbo na Mwandiga hadi Ilagala karibu na mdomo wa Malagarasi, ila ilikuwa ya asili, mirefu, yenye mafuta machache. Nchi nzima ilikuwa ikinunua mafuta ya kula kutoka ng'ambo huku mikungu ya Kigoma ikikamuliwa kwa nguvu za mikono.

Zao hili pia lina jina baya duniani, na jina hilo lina sababu. Indonesia na Malaysia, ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, zilipanua mashamba kwa kufyeka misitu ya mvua na kukausha ardhi oevu zenye tabaka nene la mboji. Mboji ikikauka huoza na kuungua, na kaboni iliyolala humo kwa maelfu ya miaka hupanda angani. Kigoma bado tuna nafasi ya kufanya tofauti. Lakini hakuna kitu ndani ya mchikichi wenyewe kinachoyafanya mawese yawe safi au machafu. Mzigo wa hewa ukaa wa lita moja ya mawese huamuliwa hasa mahali patatu: ulipopanda, kinachoungua chini ya pipa la kupikia chikichi, na maji machafu ya ukamuaji yanapokwenda. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, kuanzia shamba hadi dumu.

Kabla ya kuanza, jua tunahesabu nini. Gesi tatu ndizo zinazotuhusu. Ya kwanza ni hewa ukaa, inayotokana na kuni, dizeli na miti iliyofyekwa. Ya pili ni methani, inayotokana na uchafu unaooza pasipo hewa; kilo moja yake hupasha dunia joto takriban mara 28 ya kilo ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ya tatu ni naitrasi oksaidi, inayotoka kwenye udongo uliotiwa mbolea ya naitrojeni, na nguvu yake ni karibu mara 270. Zote hugeuzwa kuwa kilo za hewa ukaa, kisha jumla hugawanywa kwa lita za mafuta uliyopata.

Hatua ya 1: Chagua ardhi ambayo tayari imelimwa

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ukiikosea hakuna jiko banifu wala mbolea ya asili itakayoirekebisha.

Fanya hesabu hii pamoja nami. Tuchukulie ekari ya msitu wa kando ya mto ina tani 40 za kaboni kwenye miti na mizizi yake. Ukiufyeka na kupanda michikichi, shamba lako, kwa wastani wa maisha yake yote, litashika labda tani 16. Umepoteza tani 24 za kaboni. Tani moja ya kaboni ikiungua huwa tani 3.67 za hewa ukaa, kwa hiyo umeachia tani 88. Zigawanye kwa miaka 25 ya shamba, unapata tani tatu na nusu kila mwaka. Kama ekari yako inatoa lita 1,000 za mawese kwa mwaka, kila lita imebeba kilo tatu na nusu za hewa ukaa kabla hujawasha hata kijiti kimoja.

Sasa geuza. Ekari iliyokuwa ya mihogo iliyochoka, yenye tani mbili tu za kaboni kwenye majani na vichaka, ikipandwa michikichi inaongeza kaboni badala ya kuipoteza. Mti ni uleule na mkulima ni yuleyule, ila lita hii inaanza safari ikiwa na akiba na ile inaanza na deni.

Miombo ya milimani ina miti michache kuliko msitu wa mtoni, na wapo wanaosema basi kuifyeka si hasara kubwa. Siwaungi mkono. Udongo wa miombo nao hupoteza kaboni ukishalimwa na kuachwa wazi kwa jua, na miombo ya Masito na ile inayozunguka Hifadhi ya Gombe ndiyo makao na njia za sokwe ambao dunia nzima inawajua tangu Jane Goodall alipofika hapa mwaka 1960. Vilima vilivyo nje ya Gombe vilivuliwa miti kiasi kwamba mwaka 1994 ulianzishwa mradi wa TACARE kusaidia vijiji kurudisha miti na kupata riziki bila kuumaliza msitu. Tusiuvue msitu mara ya pili kwa jina la chikichi.

Kwa vitendo, fanya haya. Nenda ofisi ya kijiji uulize mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Kijiji chenye mpango kimeshatenga eneo la kilimo, la malisho na la hifadhi ya msitu. Panda kwenye eneo la kilimo. Kama kijiji hakina mpango, waulize wazee wawili watatu shamba hilo lilikuwaje miaka ishirini iliyopita, na uyaandike majibu. Kisha pima mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya eneo hilo. Najua neno hili ni gumu bondeni, kwa sababu mchikichi unapenda unyevu na udongo mzuri kabisa uko huko chini. Lakini mizizi ya miti ya asili kwenye ukingo ndiyo inayozuia udongo wako usishuke mtoni. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu za dunia tangu mwaka 2000, isiguswe kabisa: usichimbe mifereji ya kuikausha, maana hapo ndipo kosa la Indonesia lingerudiwa.

Kama una michikichi ya asili iliyozeeka, hiyo ndiyo ardhi yako bora. Badilisha miti ya zamani kwa mipya hapohapo, kidogo kidogo, robo ya shamba kwa awamu, ili usikose mafuta ya nyumbani wakati miche inakua.

Hatua ya 2: Pata miche ya kweli

Mchikichi wa asili wa Kigoma ni dura: kokwa lina ganda nene, nyama ni nyembamba, mafuta ni machache. Mche wa kisasa ni tenera, mtoto wa dura na pisifera (aina isiyo na ganda), wenye ganda jembamba na nyama nene. Kituo cha TARI Kihinga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ndicho kinachozalisha mbegu hizi mkoani kwetu, na miche imekuwa ikikuzwa pia kwenye vitalu vya taasisi kama JKT Bulombora na gereza la Kwitanga, na vya halmashauri.

Usiokote kokwa chini ya tenera ya jirani ukaotesha. Kizazi cha pili hugawanyika: robo hurudi kuwa dura, nusu huwa tenera, na robo huwa pisifera ambazo nyingi hazizai. Hutajua mpaka mwaka wa tatu au wa nne, na wakati huo umeshapoteza mbolea, palizi na ardhi. Ukitaka kuutambua mti ambao tayari unazaa, kata chikichi katikati kwa kisu: tenera ina duara la nyuzi nyeusi zilizozunguka ganda.

Mche wa kuhamishia shambani uwe na umri wa miezi 10 hadi 14, majani yake yawe yamechanua na kufunguka. Wenye majani membamba yaliyosimama wima kama nyasi uuache kitaluni, hata kama unapewa bure.

Hili la mbegu linahusianaje na hewa ukaa? Kwa njia ya moja kwa moja kabisa. Palizi ileile na moto uleule ukitoa lita mbili pale ulipokuwa unatoa moja, mzigo wa kila lita umegawanyika nusu.

Hatua ya 3: Panda bila kuchoma

Fyeka nyasi, zilaze, ziache zioze. Moto wa kusafisha shamba huunguza mboji ya juu ambayo mche utaihitaji kiangazi cha kwanza, na mara nyingi hutoroka ukapanda kilimani.

Pima mita 9 kutoka mche hadi mche kwa mpango wa pembetatu, ukipata miche 57 au 58 kwa ekari. Wapo wanaobana ili wapate miche mingi. Michikichi ikigusana majani hupigania mwanga, hurefuka haraka na kuzaa kidogo. Chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande mapema, weka udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, panda mvua zikishakolea, Novemba au Desemba.

Miaka mitatu ya kwanza nafasi kati ya miche ni yako: maharage, karanga, mahindi kwa kiasi. Jamii ya kunde ni bora zaidi kwa sababu hutengeneza naitrojeni yake yenyewe na kukupunguzia urea. Acha duara la mita moja na nusu kuzunguka kila mche bila mazao, kisha lifunike kwa matandazo.

Kuhusu matandazo nitasisitiza. Kigoma hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka, na kuanzia Mei hadi Septemba ni kavu. Mchikichi kwao ni nchi za mvua karibu mara mbili ya hiyo. Ukikosa maji, mti hutoa maua mengi ya kiume na machache ya kike, na kwa kuwa jinsia ya ua huamuliwa mapema sana, njaa ya mikungu huonekana karibu miaka miwili baada ya kiangazi chenyewe. Mkulima hulaumu mbegu, kumbe ni ukavu wa mwaka juzi. Makuti unayopunguza yapange kwenye mstari mmoja kati ya safu, usiyachome wala usiyatoe shambani. Yanashika maji, yanazuia magugu, na yanarudisha kaboni kwenye udongo.

Ukipuliza dawa ya wadudu, epuka maua ya kiume. Kuna fukusi mdogo anayeishi humo ambaye ndiye mchavushaji mkuu wa mchikichi. Ni mdudu wa Afrika. Malaysia walimchukua Kameruni na kumwachia kwenye mashamba yao mwaka 1981, na mavuno yakapanda. Sisi tunaye bila malipo.

Hatua ya 4: Rutuba

Mchikichi hula potasiamu kuliko kirutubisho kingine, na potasiamu nyingi iko kwenye mikungu mitupu inayobaki baada ya kuchambua chikichi. Karibu kila penye ukamuaji utaona lundo lake limechomwa au limeachwa lioze pembeni. Irudishe shambani. Itandaze tabaka moja kuzunguka mti, usiilundike, kwa kuwa lundo linalooza ni kitalu cha mbawakavu wenye pembe wanaotoboa kilele cha mchikichi.

Urea itumie pale tu inapohitajika. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa kanuni ya kawaida ya hesabu hizi, asilimia moja ya naitrojeni hiyo hutoka ardhini kama naitrasi oksaidi, sawa na karibu kilo 100 za hewa ukaa. Urea yenyewe ikiyeyuka huachia nyingine kilo 37. Hiyo ni kabla ya kuhesabu gesi iliyotumika kiwandani kuitengeneza. Igawe mara mbili kwa msimu, weka kwenye udongo wenye unyevu, funika. Iliyomwagwa juu ya udongo mkavu hupotea hewani, nawe umeshailipia.

Hatua ya 5: Vuna kwa wakati

Mkungu umeiva chikichi tano hadi kumi zikishadondoka zenyewe chini ya mti. Ukivuna mapema, mafuta hayajajaa. Ukichelewa, chikichi hutawanyika na nyingine huoza. Zunguka shamba kila baada ya siku 10 hadi 14. Miti mifupi tumia patasi ndefu, mirefu tumia mundu uliofungwa kwenye fito ndefu. Okota zilizodondoka zote, maana hizo ndizo zenye mafuta mengi kuliko zilizobaki kwenye mkungu.

Chikichi iliyochubuka huanza kuharibika saa ileile: kimeng'enya kilicho ndani ya nyama hukata mafuta na kuyafanya machungu. Kwa hiyo usirushe mikungu, na usiiache siku nne tano ukingoja ilegee yenyewe. Ipasue vipande, chambua, pika ndani ya siku moja au mbili. Mawese machungu yanauzwa kwa watengeneza sabuni kwa bei ya chini, na kazi yote uliyoifanya shambani imeshuka thamani.

Hatua ya 6: Moto chini ya pipa

Hapa ndipo wakamuaji wetu wanapoweza kupunguza hewa ukaa haraka kuliko popote, na wengi wao ni akina mama wanaosimama kwenye moshi tangu alfajiri.

Kilo moja ya kuni kavu ikiungua hutoa hewa ukaa ya karibu kilo 1.7. Kama kuni hizo zimetoka kwenye mti ulioachwa uchipue tena, mti mpya utairudisha hewa hiyo baada ya miaka kadhaa. Kama zimetoka kwenye miombo inayomalizika, hairudi. Kwa hiyo swali la kwanza la mkamuaji ni kuni zako zinatoka wapi, na la pili ni ngapi.

Anza na nishati uliyonayo tayari. Baada ya kukamua, mkononi mwako kunabaki makapi yenye nyuzi na, ukishabangua mise (kokwa za ndani ya chikichi), maganda magumu. Vyote viwili vinaungua vizuri, na makapi bado yana mabaki ya mafuta. Viwanda vikubwa vya mawese duniani huendesha mitambo yao ya mvuke kwa makapi na maganda haya; sisi tunayatupa na kwenda kununua mzigo wa kuni. Anika makapi juani kwenye turubai mpaka yakatike mkononi, yahifadhi chini ya paa, na uanze kuchanganya nusu kwa nusu na kuni mpaka uuzoee moto wake. Hewa ukaa inayotoka humo haihesabiwi kwenye mzigo wako, kwa kuwa mchikichi uliivuta mwaka huohuo na utaivuta tena.

Moto wa mafiga matatu hupoteza joto jingi pembeni. Jenga jiko la udongo au matofali linalolizunguka pipa, lenye mlango mmoja wa kuni, wavu wa chuma chini ili hewa ipite, na bomba la moshi linaloutoa nje juu ya paa. Acha nafasi ya vidole viwili tu kati ya ukuta wa jiko na pipa, moto upande kwa kulilamba pipa lote. Funika pipa kwa kifuniko cha bati. Makapi hayaungui vizuri bila wavu huo. Yakirundikana kwenye majivu hutoa moshi mzito, na hapo ndipo watu husema makapi hayafai.

Maji ya kupikia chikichi yasizidi kiasi. Chikichi hazihitaji kuogelea. Maji sehemu ya chini ya pipa, wavu au fito juu yake, chikichi juu ya fito, kifuniko: mvuke utafanya kazi. Saa moja hadi saa moja na nusu baada ya kuanza kuchemka inatosha. Unapunguza kuni, na unapunguza maji machafu utakayohangaika nayo baadaye.

Kamua zikiwa moto. Chikichi iliyopoa hushika mafuta yake, na mashine ya mkono itaacha mengi ndani ya makapi. Kikundi kinachoweza kuchangia mashine bora, yenye kuponda na kukamua kwa mkupuo mmoja, kiulize SIDO Kigoma, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Lita za ziada zinazopatikana kwenye chikichi zilezile ni njia rahisi kuliko zote ya kupunguza mzigo wa kila lita.

Kuni utakazoendelea kuhitaji, zioteshe mwenyewe. Mijohoro mpakani mwa shamba hukatwa na kuchipua tena. Mikaratusi usiipande karibu na chemchemi.

Hatua ya 7: Maji machafu

Maji ya kahawia yanayobaki baada ya kuengua mafuta yana uchungu wa tindikali, yana mabaki ya mafuta na chembe za nyama ya chikichi. Yakiingia mtoni, vijidudu vinavyoyala humaliza hewa iliyo ndani ya maji na samaki hukosa pumzi. Luiche inamwaga Ziwa Tanganyika karibu na Ujiji, kwenye maji ya ukingoni ambako samaki wengi huzaliana. Tunaopenda migebuka wa mawese tunahitaji vyote viwili, mawese na migebuka.

Wengine wameshaacha kumwaga mtoni na sasa huyaelekeza kwenye shimo refu. Mto unapona, lakini shimo lenye kina halina hewa, na uchafu ukioza bila hewa hutoa methani. Kwenye mabwawa ya viwanda, mita moja ya ujazo ya maji haya hutoa karibu mita za ujazo 28 za gesi, zaidi ya nusu yake ikiwa methani. Ukiigeuza kuwa hewa ukaa, ni zaidi ya kilo 300, yaani karibu kilo 0.3 kwa kila lita ya maji machafu.

Fanya hivi. Kwanza yaache yatulie kwenye pipa usiku kucha, asubuhi engua mafuta yaliyoelea; yanafaa kwa sabuni. Kisha chagua moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni mboji: katakata mikungu mitupu, changanya na samadi na majivu ya jikoni, mwagia maji machafu yaliyopoa kidogo kidogo, pindua lundo kila wiki ili hewa iingie. Likinuka kama yai bovu, limejaa maji, lipindue na uongeze vitu vikavu. Ukilipindua kila wiki, mbawakavu nao hawapati utulivu wa kutaga. Ya pili, kwa mwenye shamba karibu na mahali pa kukamulia, ni kuyatandaza kwenye mifereji mifupi isiyo na kina kati ya safu za michikichi mikubwa, ukibadilisha mfereji kila mkamuo. Usiyamwage kwenye shina, na usiyatumie kwenye miche.

Kwa kikundi kinachokamua kila siku, mtambo wa kunasa gesi unafaa: methani hiyo hurudi jikoni kupasha mapipa. Kwa mkamuaji wa mara moja kwa wiki hauna maana, kwani vijidudu vya mtambo huhitaji kulishwa mara kwa mara.

Hatua ya 8: Karatasi za ardhi

Kwa sasa mawese yetu mengi huliwa hapahapa nchini na kwa majirani, kwa hiyo usikimbilie vyeti vya nje. Lakini jua vinakoelekea. Shirika la RSPO, linalothibitisha mawese yaliyozalishwa bila kuharibu mazingira na lililoanzishwa mwaka 2004, lina kiwango maalumu cha wakulima wadogo, na Umoja wa Ulaya umeweka sheria inayotaka mawese yasitoke kwenye msitu uliofyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Wote wawili wataanza kwa kuuliza shamba lako liko wapi hasa na lilikuwa nini. Hati ya hakimiliki ya kimila, pamoja na vipimo vya mipaka vilivyochukuliwa kwa simu na maelezo ya wazee uliyoyaandika kwenye hatua ya kwanza, ndiyo majibu yako.

Hatua ya 9: Daftari la mkamuo

Nunua mizani ya kuning'iniza na daftari moja. Kila unapokamua, andika mambo manne: kilo za kuni zilizonunuliwa au kukatwa (makapi usiyaweke), lita za dizeli, lita za maji machafu na yalikopelekwa, na lita za mawese. Kisha fanya hesabu.

Chukua mfano wa mkamuo uliotoa madumu matatu, yaani lita 60. Kuni kilo 80 mara 1.7 ni kilo 136. Dizeli ya mashine lita 2 mara 2.7 ni kilo 5.4. Maji machafu lita 150 kwenye shimo refu mara 0.3 ni kilo 45. Jumla ni karibu kilo 186. Gawa kwa 60, kila lita ina kilo 3.1. Sasa mkamuo uleule ukitumia kuni kilo 20 na kilichobaki makapi: kilo 34, dizeli 5.4, na maji kwenye mboji inayopinduliwa hutoa kidogo sana. Jumla kilo 40 hivi, au kilo 0.7 kwa lita. Mfano wa maji machafu umechukua kiwango cha juu, maana shimo la kina kifupi hutoa pungufu, lakini mahali penye uzito ni palepale.

Watu huniuliza kuhusu usafiri, kwa sababu Dar es Salaam ni mbali. Tuseme lori la tani 10 linakunywa lita 35 kwa kila kilomita 100 na linakwenda kilomita 1,400. Hizo ni lita 490, kilo 1,323 za hewa ukaa, zilizogawanywa kwa kilo 10,000 za mawese: kilo 0.13 kwa kila kilo. Kwa hiyo, kama kikundi chenu kina fedha ya kutengeneza kitu kimoja tu mwaka huu, msiiweke kwenye lori. Jengeni jiko lenye wavu na banda la kukaushia makapi kabla mvua za Novemba hazijaanza, kwa sababu makapi yaliyolowa hayakauki tena mpaka Mei.